Thamani ya Motokaa ya Kale

Ndalambo, katika Wilaya ya Momba, ni nchi ya wakulima. Iko upande wa Sumbawanga mtu akitoka Tunduma, na kwa mkulima wa huko motokaa ni chombo cha kupeleka mahindi sokoni na mgonjwa hospitalini. Tunduma penyewe, mpakani mwa Zambia, hupita motokaa zilizokwisha kutumika Japani. Hutoka bandari ya Dar es Salaam. Nyingine huishia Zambia, nyingine huendelea mpaka Kongo. Katika biashara hiyo kanuni ya bei ni nyepesi: umri ukizidi, thamani hupungua. Sheria nayo hushuhudia hivyo, kwani Tanzania huitoza ushuru wa ziada motokaa iingiayo nchini ikiwa imepita umri wa miaka minane, na Kenya haiipokei kabisa.

Lakini Januari 2020, huko Marekani, motokaa ya Kijapani ya mwaka 1970, aina ya Datsun 240Z, iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Aina hiyo ilipokuwa mpya iliuzwa huko kwa dola 3,526. Katika miaka hamsini motokaa hiyo ilikuwa imekwenda maili elfu ishirini na kidogo tu. Mtu wa Ndalambo akisikia habari hii ana haki ya kuuliza: chombo kilichokaa bila kazi kimepataje thamani kuliko kile kilichofanya kazi? Jibu haliko Marekani peke yake, wala Japani peke yake. Sehemu yake moja imo katika barabara za Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 1960 yakaitwa Safari ya Afrika ya Mashariki. Hapo mwanzo motokaa ziligawanywa kwa bei yake ya dukani, wala si kwa ukubwa wa injini. Hivyo mnunuzi aliweza kuona kwa macho yake ni motokaa gani, kati ya zile alizoweza kuzinunua, iliyostahimili vumbi, mawe na matope ya nchi yake.

Kampuni ya Nissan, iliyouza motokaa zake kwa jina la Datsun, iliingia mara ya kwanza mwaka 1963. Mwaka ule zilimaliza motokaa saba tu, wala hapakuwa na Datsun hata moja miongoni mwake. Wajapani hawakuona haya kurudi. Mwaka 1966 walishinda katika daraja lao, na mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakawapatia ushindi wa jumla kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 watu hao hao wawili walishinda tena, safari hii kwa 240Z, nayo 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty, ikawa ya pili. Umbo lake lilikuwa la starehe, pua ndefu na viti viwili. Lakini ndani mlikuwa na injini ya silinda sita, ya lita 2.4, na kila gurudumu lilikuwa na springi zake, likipanda na kushuka peke yake. Kilichodhaniwa kuwa pambo kilionekana kuwa ni chombo cha kazi.

Ushindi wa 1973 una uzito wa namna nyingine. Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 jamaa zake walikuwa miongoni mwa watu wa asili ya Kiasia waliofukuzwa na Idi Amin. Akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata aliendesha 240Z pamoja na Lofty Drews, wakamaliza sawa kwa alama za adhabu na Harry Källström, aliyeendesha Datsun nyingine. Kanuni ikampa ushindi yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila ya adhabu, naye alikuwa Mehta. Mtu aliyepoteza nchi yake alipata heshima katika barabara za jirani.

Hata hivyo, mtihani wa barabara haukuwa wa washindani tu. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya upande wa kusini. Malori yakabeba mafuta kutoka Dar es Salaam, yakapita Mbeya na Tunduma, katika njia iliyokuwa mbaya hata ikaitwa njia ya jehanamu. Wengi walipata ajali humo. Madereva wale hawakupewa vikombe, wala majina yao hayakuandikwa magazetini, ingawa mzigo wao ulikuwa uhai wa taifa zima.

Tofauti hiyo ndiyo inayofumbua fumbo la bei. Motokaa ya kale hupata thamani kwa kazi mbili: ya kwanza ni kutenda, ya pili ni kutunza. Afrika ya Mashariki ilitoa mawe, matope, mafundi na madereva, na jina la Datsun likapata sifa. Lakini kutunza kulifanywa na wengine. Ile 240Z iliyoshinda mwaka 1971 imo Zama, nchini Japani, katika hazina ya Nissan, na mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo waliitengeneza ikatembea tena. Motokaa zilizobaki huku zilitumikishwa hadi zikaisha. Hilo si aibu, kwani chuma kilichochakaa kwa kumhudumia mwanadamu hakikupotea bure.

Aibu itakuwapo ikiwa na habari zake zitachakaa pamoja nacho. Anayeuza motokaa ya kale huuza na karatasi zake: daftari la matengenezo, namba ya injini, majina ya waliokuwa nayo. Pasipo hizo bei huanguka hata kama rangi yang'aa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wako bado wazee, Tunduma, Mbeya na Nairobi, waliofunga springi usiku kwa mwanga wa kurunzi na waliovusha mafuta katika matope ya masika. Mwanachuo mwenye kalamu na subira aweza kuwaandikia daftari lao wangali hai. Mtu wa Ndalambo hahitaji dola 310,000 ili awe na sehemu katika historia hii; anahitaji kuulizwa, na jibu lake liandikwe.