Walioshika Timazi: Wasimamizi wa Mafundi katika Ujenzi wa Usharika Wetu

Katika kitabu hiki msomaji atakuta orodha ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa Kanisa waliotumika tangu mwanzo. Mimi niliombwa kuandika juu ya majengo yetu. Nimeona heri niandike juu ya watu walioachwa na orodha hizo, yaani wale waliosimamia vikosi vya mafundi na vibarua. Jiwe la msingi linamtaja aliyeliweka na siku lilipowekwa. Aliyehakikisha kwamba ukuta unaolibeba umenyooka hatajwi.

Kazi ya kuongoza kundi la watu wa kazi ni ya kale katika nchi hii. Speke na Grant walipopita Usui mwaka 1861, katika eneo la Biharamulo ya leo, wakielekea Karagwe, walikuta njia ambayo misafara ilikuwa na desturi zake. Kirangozi alitangulia, na kila kundi la wapagazi lilikuwa na mnyampara wake. Huyu alikuwa mtu wa watu wake. Mara nyingi alitoka nao nyumbani kumoja, na palipotokea shauri yeye ndiye aliyenena kwa niaba yao. Ukoloni ulipokuja na kazi za shuruti, jina hilo liliharibika. Nyapara akawa mtu wa kiboko, na hata magerezani jina likabaki. Ndiyo maana mafundi wetu wazee walikataa kuitwa hivyo, wakapenda kusema msimamizi au fundi mkuu.

Wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910, na haikuchukua miaka mingi Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa. Wakristo wenyeji ndio waliobaki na kazi mikononi, ya Neno na ya nyumba za kusalia pia. Uongozi uliwajia kwa kuachiwa, wala si kwa kufuzu.

Sisi tulijifunza jambo hili kwa gharama. Tulipojenga kanisa la matofali ya kuchoma, Kamati ya Ujenzi, nami nikiwamo, ilimweka kuwa msimamizi yule aliyekuwa hodari kuliko wote kwa mwiko. Tulidhani mkono mzuri ndio uongozi. Fundi yule hakuweza kuvumilia kosa la mwingine. Alimnyang'anya kijana mwiko na kufanya mwenyewe. Kila saidia fundi aliyekuja alikaa siku chache akaondoka. Mwisho akawa anajenga karibu peke yake, kwa haraka, na ukuta wa upande wa madhabahu ukapinda. Tulibomoa kozi saba mbele ya washarika waliokuwa wametoa ndizi na mbuzi zao kwenye mnada ili saruji ile inunuliwe. Nisingependa kuiona tena siku ile.

Baada ya hapo mzee mmoja wa Kanisa alituuliza swali ambalo tulipaswa kujiuliza mapema: matofali yale yalichomwa na nani? Alikuwapo mtu mkimya aliyesimamia tanuri. Alikuwa amepanga zamu za kuni usiku, na hakuna aliyelala njaa wala aliyeungua. Hatukumpa kanisa mara moja. Tulimpa kwanza choo cha shule, kisha nyumba ya mwinjilisti, naye kila mahali aliteua kijana mmoja wa kushika timazi na kumwachia apime mwenyewe. Kijana akikosea, alimwita kando na kumwonyesha, kisha akamrudishia kamba. Alipokabidhiwa kanisa alikuwa tayari na vijana watatu walioweza kusimamia upande mmoja kila mmoja. Kwa hiyo alipougua malaria kazi haikusimama.

Mwaka 1994 ulileta shule ya namna nyingine. Mwishoni mwa Aprili, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa saa 24 tu, na Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakawa mji. Vyoo, barabara na zahanati vilihitajika mara moja. Vijana wa Ngara na Biharamulo walioingia kama vibarua walijikuta baada ya majuma machache wakiongoza watu ishirini au thelathini, kwa kuwa walijua kuhesabu na kusema na watu kwa upole. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Warundi ya Lukole ikafungwa mwaka 2008. Vijana wetu walirudi nyumbani na ujuzi mwingi, na mfukoni barua tu za kuagwa.

Msimamizi wetu wa tanuri hakuwa na hata barua. Miaka mingi baadaye mkandarasi mmoja alimpokea kama kibarua chini ya kijana mwenye cheti, aliyemwuliza kila asubuhi kipimo cha zege. Yeye hakulalamika. Sisi tuliomfahamu ndio tuliona aibu.

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini. Hupimwa kwa vitendo, na wakifaulu hupewa vyeti. Ni jambo jema, na nimewahimiza wengi waende. Lakini mtihani hupima mkono wa fundi. Kwamba watu walimfuata, kwamba hakuna aliyeanguka jukwaani na kwamba hesabu ya saruji ilikuwa sawa, atashuhudia nani isipokuwa sisi tuliokuwapo?

Nehemia alifanya hivyo. Sura ya tatu ya kitabu chake inaeleza nani alijenga kipande gani cha ukuta, binti za Shalumu wakiwamo, na haiwafichi wakuu wa Tekoa waliokataa kutia shingo zao kazini. (Wasimamizi 3,300 wa Sulemani katika 1 Wafalme 5 hawakubahatika hivyo, tumeachiwa idadi yao tu.) Baraza la Wazee limekubali kwamba ukurasa unaofuata makala hii uwe na majina ya wasimamizi wetu, kila mmoja na jengo lake. Nafasi mbili bado zi wazi: aliyesimamia msingi wa kanisa la kwanza la udongo, na aliyeongoza upandishaji wa kenchi za kanisa hili. Mwenye kumbukumbu, hasa akina bibi waliowapikia mafundi uji, afike ofisi ya usharika siku yoyote baada ya ibada ya asubuhi.