Mawimbi Yaliyofichika ndani ya Nyota

Mwezi wa Agosti 1893, meli Fram ya Mnorwe Fridtjof Nansen ilikuwa ikipita kaskazini ya Siberia. Bahari ilikuwa shwari, mtambo ulifanya kazi kwa nguvu zake zote, na hata hivyo chombo kilijikokota kana kwamba kimeshikwa kutoka chini. Mabaharia waliyaita maji hayo maji mafu. Mswidi Vagn Walfrid Ekman, baada ya kufanya majaribio katika hodhi, alieleza mwaka 1904 kwamba maji ya barafu iliyoyeyuka yalikuwa yamelala juu ya maji ya chumvi, na nguvu za mtambo zilipotea katika kuzusha mawimbi mahali yalipokutana. Juu hapakuonekana kitu.

Wimbi la jamii hiyo ndilo lililokuja kufumbua fumbo la nyota.

Tangu John Goodricke, kijana kiziwi wa York, alipotangaza mwaka 1783 majira ya kufifia kwa Algol, wataalamu wamejua mengi juu ya nyota zenye wenzi. Wawili walio karibu huinuana miili kama mwezi uijazavyo bahari. Pakiwa na msuguano, mzunguko wa nyota hubadilika hata ulingane na safari ya mwenziwe. Lakini nyota kubwa zenye joto kali huchemka moyoni tu. Tabaka za nje zimetulia, na msuguano wake ni hafifu mno. Kwa hesabu zisingaliwahi kulingana. Kwa macho, nyingi zilikuwa zimelingana!

Mwaka 1975 Mfaransa Jean-Paul Zahn alionyesha njia. Mvuto wa mwenzi hutikisa mpaka wa moyo uchemkao, na hapo huzuka mawimbi yapandayo kuelekea usoni. Karibu na uso joto huvuja upesi, wimbi hufa, na katika kufa kwake hupunguza kasi ya tabaka lile. Mwendo uliopotea huingia katika safari ya wale wawili.

Peter Goldreich na Philip Nicholson waliongeza jambo mwaka 1989: ulinganifu huanza usoni, kisha hushuka ndani polepole. Basi yamkini nyota iliyoonekana kutii imetii ngozi tu, na moyo wake ungali unakwenda kwa kasi yake ya zamani.