Nyuki na Mamba

Mwaka 1715 Isaac Watts, mhubiri wa Uingereza na mtungaji wa nyimbo za dini, alichapisha kitabu cha mashairi kwa ajili ya watoto. Aliamini kwamba neno lililofungwa kwa vina hudumu moyoni kuliko neno tupu. Shairi moja lilimsifu nyuki kwa bidii yake, ili mtoto auchukie uvivu. Kwa zaidi ya miaka mia moja kitabu hicho kilichapishwa tena na tena, na watoto, nyumbani na shuleni, waliyasoma mashairi yake kwa ghaibu.

Mwaka 1865 akatokea Lewis Carroll, mwalimu wa hesabu huko Oxford. Katika hadithi yake, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, msichana ajaribu kulikariri shairi la nyuki. Lo! Kinywani mwake yatoka maneno ya mamba awakaribishaye samaki wadogo kwa tabasamu.

Wasomaji walicheka, kwa kuwa shairi la nyuki walilijua barabara. Lau Watts asingalipanda, Carroll asingalivuna.

Basi mwalimu afunguapo kitabu cha mashairi mbele ya watoto, na akumbuke mambo mawili. Kwanza awape maneno yafaayo kushikwa. Kisha awaache wayachezee, hata wayageuze. Shairi lililomezwa kama dawa chungu halijawa mali ya mtoto. Huwa lake siku alichekapo nalo.