Asidi ya fomiki: Hiki ndicho kitu hufanya keroro ya sumu ipofushe watu

Ukiskia wasee wamekufa ama wamepofuka baada ya kupiga keroro mbaya, mtaa wote husema "waliwekewa methanoli." Ni ukweli, lakini ni nusu ya stori. Methanoli yenyewe inalewesha tu, tena kidogo kuliko pombe ya kawaida. Kinachomaliza mtu ni asidi ya fomiki, na hiyo haikuwa kwa chupa. Ini lako ndilo huitengeneza.

Asidi hii imejulikana kitambo. Mwaka wa 1671 Mwingereza John Ray aliandika jinsi ya kuipata kwa kuchemsha chungu waliokufa na kukusanya mvuke. Kama umewahi kupanda mwembe kule Pwani ukapatana na majimoto, unaijua vizuri: wanakurushia hii hii asidi. Kwa ngozi inawasha tu, inapita. Noma huanza ikijaa kwa damu.

Sasa skiza vile inafika huko. Methanoli inafanana sana na ethanoli, ile pombe iko kwa bia, mpaka ini halioni tofauti. Kimeng'enya kile kile cha kuvunja pombe kinaibadilisha kuwa fomaldehaidi, ile huwekwa kwa fomalini ya mochari. Fomaldehaidi haikai, inageuzwa haraka kuwa asidi ya fomiki. Hapo ndipo jam inaanza. Kuitoa, mwili unahitaji foleti, vitamini iliyo kwa mboga za kijani na maharagwe, na sisi binadamu tuko slow sana kwa hiyo kazi. Panya anaimaliza mbio, ndio maana methanoli haimpofushi vile inakupofusha wewe. Panya anakushinda hapo, buda.

Ndani ya seli zako kuna mitokondria, hizo ndizo hutoa stima ya mwili. Mwisho wa laini kuna kimeng'enya kinaitwa saitokromu c oksidesi, kazi yake ni kuchukua oksijeni unayopumua ili nguvu itengenezwe. Asidi ya fomiki inajishikilia kwa chuma iliyo ndani ya kimeng'enya hicho na kukizuia kufanya kazi. Sayanaidi hufanya vivyo hivyo, ila kwa makali zaidi. Kwa hivyo unapumua, oksijeni iko kwa damu, lakini seli haiwezi kuitumia. Ni kama kuwa na tokeni na fyuzi imeungua. Seli inajaribu kusurvive bila oksijeni, asidi ya laktiki inarundikana, damu inazidi kuwa chachu, na damu ikichacha hivyo fomiki inaingia kwa seli kwa urahisi zaidi.

Neva ya macho inakula nguvu nyingi, kwa hivyo huwa kati ya za kwanza kuumia. Wagonjwa husema wanaona weupe kila mahali, kama wako ndani ya ukungu wa Limuru. Methanoli tupu kama 10 ml, yaani vijiko viwili vya chai, imewahi kutosha kupofusha mtu.

Kinachochezea watu zaidi ni saa. Dalili kali huchukua kama saa 12 hadi 24 kutokea, kwa sababu asidi inajengeka polepole. Msee analewa Ijumaa, analala poa, Jumamosi anaamka na kichwa, tumbo na kutapika. Anadhani ni hangi. Akienda kutoa lock ndio mbaya zaidi, maana ethanoli inashughulisha ini kwanza na kuchelewesha dalili, na methanoli bado iko ndani inangoja. Novemba 2000 keroro yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi. Mei 2014 ikarudi Embu, Kitui, Kiambu na kwingine.

Usidanganywe ati utaijua kwa kuonja ama kunusa. Hutaijua. Kuwasha kiberiti uangalie moto pia hakusaidii ikiwa imechanganywa. Maziwa hayaitoi.

Macho yakianza ukungu baada ya kunywa, ama unahema mbio bila kukimbia, enda hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie ulikunywa nini na saa ngapi. Usione haya. Beba chupa kama iko, na uwaite wale mlikuwa nao base hata kama wanajiskia fiti. Daktari anaweza kukupa fomepizoli, ama ethanoli iliyopimwa, kuzuia ini lisitengeneze asidi zaidi. (Hiyo si ruhusa ya kujitibu na mzinga. Pale wodini wanapima damu kila saa.) Wanaongeza baikaboneti kupunguza uchachu, asidi ya foliniki kusaidia kuvunja fomiki, na hali ikiwa mbaya, unawekwa kwa mashine ya kusafisha damu ili methanoli na asidi zitolewe zote. Wanaofika mapema wengine hurudishiwa macho. Neva ikishakufa, hakuna dawa ya kuirudisha.