Nyumba Yangu, Kiwanja Chako

Ukizisoma hadithi zetu sisi vijana, hasa zile tunazozipeleka zamani, zama za babu na bibi, utaona mtu akipata shida anauza nyumba. Basi. Ukurasa wa kumi ana nyumba, ukurasa wa kumi na moja ana fedha mkononi na machozi machoni, na mwandishi anaendelea na mapenzi yake. Wenzangu, mnanunua na kuuza upesi mno! Mimi ninayehangaika na riwaya ya Unguja ya miaka ya 1920 na 1930, yaani baina ya vita vya kwanza na vya pili vya dunia, kila nikimfikisha mtu wangu kwa dalali nalazimika kuweka kalamu chini na kuuliza: huyu bwana anauza nini hasa?

Maana Unguja ya wakati ule ungeweza kuwa na nyumba usiwe na ardhi iliyo chini yake. Ungeweza kuwa na mti usiwe na udongo. Ungeweza kuuza karafuu zikiwa bado juu ya mkarafuu, kijani, hujazichuma. Na ungeweza kuliuza shamba lako kwa maandishi na mashahidi, kisha kesho yake ukaamka umo ndani yake unapalilia kama kawaida.

Tuanze na nyumba. Ng'ambo, kama jina linavyosema, ilikuwa ng'ambo ya maji, upande wa pili wa hori lililoutenga na mji wa mawe. Huko ndiko walikojenga waliotoka utumwani, wavuvi, wachukuzi, mafundi, wapishi, wafuaji nguo, watu waliouendesha mji huku wakilala nje yake. Mtu alisimamisha boriti zake, akafunga fito, akakandika udongo, akaezeka makuti, na mwenye bahati akapata bati au madebe yaliyokunjuliwa. Nyumba ikawa yake. Lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine. Zamani wenye ardhi wengi hawakudai kitu, au walidai kidogo sana, kwa kuwa kuwa na watu wa kukuamkia na kukuitikia kulikuwa ni heshima, na heshima nayo ni mali. Kadiri mji ulivyokua, na ardhi ilivyobadili mikono kwenda kwa watu walioihesabu kwa rupia na si kwa salamu, kodi ya kiwanja ikaanza kupanda.

Sasa fikiri kama mwandishi. Mjane anataka kuuza nyumba yake Ng'ambo. Mnunuzi ananunua nini? Miti, udongo, mlango, makuti, na ruhusa ya kukaa hapo kwa kadiri mwenye kiwanja atakavyopenda. Kodi ya kiwanja ikipanda, bei ya nyumba inashuka, ingawa ukuta haujaanguka hata bonge moja. Mwenye ardhi aliweza kukufilisi bila ya kuigusa nyumba yako. Ndiyo sababu mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma. Walikataa kulipa kodi ya viwanja, mtaa kwa mtaa, wanawake kwa wanaume, mpaka serikali ya Kiingereza ikalazimika kutunga sheria ya kuidhibiti kodi hiyo. Nasikitika sana kuwa hatuna riwaya nzima juu ya mwaka ule. Na mwaka huohuo wa 1928 ndio Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Hebu weka mambo hayo mawili katika baraza moja: watu wamekaa, wanabishana kulipa au kutolipa, na ndani ya nyumba kunasikika gramafoni.

Kulikuwa pia na nyumba zisizouzika kabisa. Mtu alipoweka nyumba wakfu, kwa msikiti au kwa kizazi chake au kwa maskini, aliitoa sokoni moja kwa moja. Tangu 1905 kulikuwa na kamisheni ya kusimamia mali hizo. Mhusika wako akiwa na deni na nyumba yake ni ya wakfu, usimpeleke kwa dalali. Mtafutie njia nyingine.

Njia hiyo, nadhani, mara nyingi ilianzia chumbani. Kabla ya nyumba na shamba huondoka vitu: vikuku na mikufu ya bibi kuwekwa rahani, kisha sanduku la njumu, kitanda cha samadari, vioo, sahani za kaure zilizopangwa ukutani. Vitu hivi havikuwa mapambo tu. Vilikuwa akiba ya watu wasioweka fedha benki. Dalali anakinadi kitanda mbele za watu, na kila anayepita anajua kwamba nyumba ya fulani imeanza kuvuja. Ndiyo maana mwenye jina lake aliona bora alipoteze shamba kimyakimya kuliko kitanda hadharani.

Na shamba, jamani, ndilo lenye hadithi kubwa. Utajiri wa Unguja na Pemba ulikuwa karafuu, na karafuu haingoji. Kikonyo huchumwa kabla ua halijafunguka. Ukichelewa, thamani imekwenda. Kwa hiyo msimu ukifika mwenye shamba anahitaji wachumaji wengi kwa pamoja, na wachumaji wanataka ujira wao kwa pishi, tena taslimu. Utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1897, hakuna tena mkono wa bure. Fedha anatoa wapi? Kwa tajiri wa mjini, mara nyingi Mhindi, ambaye naye pengine amekopa kwa tajiri mkubwa zaidi. Anakopa kwa ahadi ya karafuu ambazo bado ziko mtini.

Riba ni haramu, kila mtu alijua. Hapo ndipo ilipoingia bei ya hiyari. Naomba uisome taratibu, maana imejengwa kwa akili nyingi. Hukopi. Unaliuza shamba, kwa hati, ukibakiwa na hiyari ya kulikomboa kwa bei ileile kabla ya muda fulani kwisha. Kisha mnunuzi anakukodisha shamba lilelile ulilomwuzia. Kodi unayolipa ndiyo riba, ila haiitwi riba. Tuseme, kwa mfano wangu tu, umeuza kwa rupia 1,000 na kodi ni rupia 120 kwa mwaka. Frasila ya karafuu ikiwa rupia 20, frasila sita zinatosha. Ikishuka mpaka rupia 8, unataka frasila kumi na tano kwa deni lilelile, kwa miti ileile, na wachumaji bado wanadai. Kodi ikikushinda inaongezwa kwenye deni. Muda ukipita, hiyari imekufa, na karatasi inasema uliuza.

Bei ya dunia ilipoanguka baada ya 1929, hesabu hii iliingia nyumba nyingi. Mwaka 1934 serikali ikatunga sheria kadhaa kwa pamoja. Wadai wakasimamishwa wasinyang'anye mashamba kwa muda. Ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isiuzwe kwa mtu wa asili nyingine bila ruhusa ya Balozi wa Kiingereza. Na chama cha wakulima wa karafuu, kilichoanzishwa 1927, kikapewa nguvu mpya katika biashara ya zao hilo. Mwaka 1937 kikapewa haki ya peke yake ya kununua karafuu kwa ajili ya kusafirisha nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, na kule India chama cha Congress kikaunga mkono kususia karafuu za Zanzibar. India ilikuwa mnunuzi mkubwa, na pigo lilisikika. Mwaka 1938 ndipo wakapatana.

Vitabu vingi hupenda kuieleza habari hii kama ngumi baina ya Mwarabu mwenye shamba na Mhindi mwenye fedha, huku Mwingereza akiwa mwamuzi. Mimi siridhiki. Sheria ya 1934 ilimkinga mwenye shamba, lakini pia ilimfungia mlango, kwa kuwa ardhi isiyoweza kununuliwa na mwenye fedha haiwi rahani nzuri, na wanunuzi wakipungua bei nayo hupungua. Halafu kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi: yule aliyekaa shambani kwa ruhusa, akapalilia chini ya mikarafuu, akapanda mihogo yake na mahindi. Aliruhusiwa kupanda cha msimu. Mti wa kudumu, mnazi au mkarafuu, hakuruhusiwa, maana mti wa kudumu huzaa madai. Shamba likiuzwa, yeye hauzwi tena, namshukuru Mungu, lakini kesho yake anaamka ana bwana mwingine na hakuna hati iliyomtaja. Mihogo yake ikingoja kuvunwa, ni ya nani?

Swali hilo la mihogo nimelipa sura nzima katika riwaya yangu. Mhusika wangu si mwenye shamba wala si tajiri. Ni mwanamke mwenye matuta thelathini ya mihogo, mwaka 1934, na wanaume wawili wamekuja na kamba kupima mipaka. Anawauliza wanapima nini. Wanamwambia miti tu, bibi, tunahesabu miti.