Vyama vya udugu katika vyuo vya Marekani: kanuni zilizoandikwa baada ya mazishi

Usiku wa tarehe 2 Februari 2017, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kijana wa miaka 19 aitwaye Timothy Piazza aliingia katika nyumba ya chama cha wanafunzi kinachoitwa Beta Theta Pi, kwenye chuo kikuu cha Penn State. Alikuwa amekubaliwa kuwa mwanachama. Yeye na wenzake wapya walinyweshwa pombe nyingi kwa muda mfupi. Baadaye akaanguka kwenye ngazi. Wanachama walimbeba, wakamlaza kwenye kochi, wakaendelea na mambo yao. Karibu masaa 12 yalipita kabla ya mtu kupiga simu kuomba msaada. Tarehe 4 Februari alifariki hospitalini.

Nyumba hiyo haikukosa kanuni. Pombe ilikuwa imekatazwa humo. Kamera zilikuwa zimewekwa ukutani, na ndizo zilizowaonyesha wapelelezi mambo yalivyokwenda. Kwenye karatasi, kila kitu kilikuwa sawa.

Habari hii inazihusu pia jamaa za Kivu, Ituri na Katanga. Kwa miaka kadhaa, Kongo ilikuwa nchi inayotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, kabla mpango wa kuwapokea kusimamishwa mwanzoni mwa 2025. Watoto waliotoka katika kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda wakiwa wadogo, leo wako kwenye umri wa kuingia chuo kikuu huko. Mlangoni mwa chuo watakutana na vijana wanaowaambia: njoo, sisi ni ndugu. Kwa mtoto aliyepoteza kijiji, majirani na mara nyingi ndugu wa damu, neno hilo lina uzito mkubwa.

Vyama hivyo vilianzia wapi?

Wamarekani hutaja tarehe 5 Desemba 1776. Siku hiyo, wanafunzi wa chuo cha William and Mary, huko Virginia, walianzisha chama cha siri walichokiita Phi Beta Kappa, kwa herufi za Kigiriki. Kilikuwa chama cha mijadala na elimu, chenye kiapo na namna yake ya kusalimiana. Chama hicho baadaye kiliacha siri, kikawa cha kuwaheshimu wanafunzi wenye pointi za juu. Lakini mfano ulikuwa umekwisha kupatikana. Mwaka wa 1825, katika chuo cha Union, jimbo la New York, wanafunzi walianzisha Kappa Alpha, na mwaka wa 1827 vikafuata Sigma Phi na Delta Phi. Kutoka hapo vyama vikaenea chuo kwa chuo. Kila chama kikawa na makao yake makuu, na katika kila chuo kikawa na tawi. Tawi hupewa hati na makao makuu. Bila hati, hakuna tawi.

Faida zake zilionekana wazi. Kijana aliyetoka mbali alipata mahali pa kulala, watu wa kula nao, na wakubwa wa kumwelekeza. Baada ya diplome, wanachama wa zamani walimfungulia mlango wa kazi. Lakini mlango wa chama chenyewe ulikuwa na bei yake. Mwanafunzi mpya alipaswa kuthibitisha kwamba anastahili, na wakubwa ndio waliochagua namna ya kumpima. Mnamo Oktoba 1873, katika chuo kikuu cha Cornell, mwanafunzi aliyekuwa akiingizwa katika Kappa Alpha alipelekwa nje usiku akiwa amefungwa macho. Alianguka kwenye korongo, akafa.

Mwaka wa 1909, wajumbe wa vyama 26 walikutana New York na kuunda baraza lao la pamoja. Kazi yake ilikuwa kuleta utaratibu kati ya vyama na kuongea na viongozi wa vyuo. Hata hivyo, kila chama kiliendelea kujitawala.

Waliofungiwa mlango

Kwa miaka mingi, vyama vingi viliwakataa Waafrika-Wamarekani, Wayahudi na Wakatoliki. Ndiyo maana tarehe 4 Desemba 1906, hapo hapo Cornell, wanafunzi saba weusi walianzisha Alpha Phi Alpha. Chuoni walikuwa wachache, na walihitaji mahali pa kusoma pamoja na kusaidiana ili wasikate tamaa. Martin Luther King alikuwa mwanachama wa chama hicho. Mwaka wa 1908, wasichana wa chuo kikuu cha Howard, jijini Washington, walianzisha Alpha Kappa Alpha, ambacho Kamala Harris alijiunga nacho alipokuwa mwanafunzi hapo.

Vyama hivi vilitoa mawakili, wachungaji, walimu na viongozi waliopigania haki za watu weusi. Lakini hata huko, wapya walipigwa na kuteswa. Mwaka wa 1990, baada ya kifo cha mwanafunzi wa chuo cha Morehouse, vyama vya watu weusi viliamua pamoja kufuta kipindi kirefu cha majaribio ambacho wapya walipitishwa. Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini katika matawi mengi mateso yalihamia mafichoni. Mwaka wa 1994, mwanafunzi mwingine, huko Missouri, aliuawa kwa kipigo cha watu waliotaka kumwita ndugu.

Kampuni za asiransi zaandika kanuni

Kilichobadilisha mambo zaidi ni mama mmoja, na baada yake pesa. Mnamo Februari 1978, kwenye chuo cha Alfred, jimbo la New York, kijana Chuck Stenzel alifungiwa kwenye buti ya gari pamoja na wenzake, wakiwa wamepewa pombe za kumaliza. Hakuiona asubuhi. Mama yake, Eileen Stevens, alianzisha shirika la kupinga mateso hayo. Alizunguka nchi nzima, akaongea mbele ya wabunge na mbele ya wanafunzi wenyewe. Jimbo la New York lilipitisha sheria, na majimbo mengine mengi yakafuata.

Mwaka wa 1984, bunge la Marekani lilisukuma majimbo yote yaweke umri wa kunywa pombe kuwa miaka 21. Kwa hiyo wanafunzi wengi wa vyuo wakawa hawaruhusiwi kunywa, na tawi lililowapa pombe lilikuwa linavunja sheria. Wazazi walianza kushitaki, na mahakama zikaamuru malipo makubwa. Kampuni za asiransi, yaani bima, ziliona hasara, nyingine zikakataa kabisa kuvipokea vyama hivyo. Mwaka wa 1987, vyama kadhaa viliungana ili vinunue bima pamoja, na sharti la kupata bima likawa kufuata kanuni: tawi lisinunue pombe kwa fedha za chama, asinyweshwe mtu aliye chini ya miaka 21, asiteswe mwanachama mpya.

Kanuni hizo zikawa msingi wa kile kinachoitwa leo viwango vya utendaji vya matawi. Katika vyuo vingi, kila tawi hutoa ripoti kila mwaka. Linapimwa kwa wastani wa pointi za masomo, idadi ya wanachama, hesabu za fedha, mafunzo waliyohudhuria, masaa ya kazi za kujitolea na malalamiko yaliyopokelewa. Tawi linalofanya vizuri hupewa sifa au zawadi. Linaloshindwa huwekwa chini ya uangalizi, na likishindwa zaidi hunyang'anywa hati.

Baadhi ya vyama vilikwenda mbali kuliko kanuni za bima. Phi Delta Theta kiliamua mwaka wa 1997 kwamba nyumba zake ziwe bila pombe kuanzia mwaka wa 2000. Sigma Alpha Epsilon, baada ya vifo vingi, kilifuta mwaka wa 2014 kipindi chote cha majaribio: anayekubaliwa anakuwa mwanachama mara moja. Vyuo vingine, kama Colby na Bowdoin katika jimbo la Maine, vilichoka na kuvifuta vyama hivyo kabisa.

Kile ambacho karatasi haikupima

Ukitazama orodha ya viwango, utaona kwamba mengi yanayopimwa hufanyika mchana: pointi, michango, kazi za kujitolea. Vifo vinatokea usiku, nyuma ya mlango uliofungwa, kati ya watu walioapa kutotoboa siri. Tawi linaweza kusafisha barabara siku ya Jumamosi, likapata alama nzuri, na usiku wa Jumamosi hiyo hiyo likamwekea mtoto wa watu chupa mdomoni.

Kuna tatizo la pili: nani ana nguvu ya kulazimisha? Mwezi wa Septemba 2004, kijana wa miaka 18 alikufa kwa pombe katika tawi la Chi Psi, mjini Boulder, jimbo la Colorado. Chuo kikuu kiliyataka matawi yatie sahihi mkataba: yasiwaingize wanafunzi wapya mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na kila nyumba iwe na mtu mzima anayeishi humo. Vyama vya wavulana vilikataa. Tangu 2005 viliendelea nje ya utambuzi wa chuo, kwa sababu nyumba hazikuwa mali ya chuo. Chuo kilikuwa na viwango, lakini hakikuwa na ufunguo wa mlango.

Ndiyo maana baada ya kifo cha Piazza, wazazi wake na wazazi wengine waliofiwa hawakuomba karatasi nyingine ya viwango. Waliomba sheria ya nchi. Mwaka wa 2018, Pennsylvania ilipitisha sheria yenye jina la kijana huyo: mateso yanayoleta kifo au majeraha makubwa yakawa kosa la jinai zito, na vyuo vikalazimishwa kutangaza hadharani ripoti za matukio. Louisiana ilifanya hivyo mwaka huo huo kwa jina la Max Gruver, aliyekufa Septemba 2017 katika chuo kikuu cha jimbo hilo. Florida, mwaka wa 2019, iliongeza kwamba anayekuwa wa kwanza kuomba msaada hatashitakiwa, ili woga usiue mtu ambaye bado anaweza kuokolewa. Mwishowe, Desemba 2024, Rais Joe Biden alitia sahihi sheria ya nchi nzima inayovilazimisha vyuo kuhesabu visa vya mateso na kutangaza majina ya vyama vilivyopatikana na makosa.

Kutoka Leuven hadi Lovanium

Wakongomani hawako mbali na historia hii. Chuo kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa Kinshasa mwaka wa 1954 wakati mji ukiitwa Léopoldville, kilikuwa mtoto wa chuo kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, na jina lake lilitoka huko. Pamoja na masomo zilikuja desturi za wanafunzi wa Ubelgiji, ukiwemo ubatizo wa wanafunzi wapya, wale wanaoitwa mableu. Aliyesoma Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani anajua neno hilo bila kufafanuliwa.

Mnamo Desemba 2018, Sanda Dia, kijana wa miaka 20 aliyesoma Leuven kwenyewe na ambaye baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Afrika Magharibi, alikufa katika ubatizo wa chama kilichoitwa Reuzegom. Alikalishwa kwenye shimo la maji ya baridi kali na kunyweshwa mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi sana. Chuo kilikuwa na hati ya ubatizo salama, ambayo vyama vilitakiwa kuitia sahihi. Reuzegom hakikutia sahihi. Mwezi wa Mei 2023, mahakama ya rufaa ya Antwerp iliwahukumu wanachama 18 kufanya kazi za jamii, masaa 200 hadi 300, na faini ya euro 400 kila mmoja. Wengi nchini Ubelgiji waliona adhabu hiyo ni ndogo mno.

Kitu ambacho jamaa inaweza kuuliza

Vyama hivi havifanani. Vipo vilivyomsaidia kijana maskini kumaliza masomo, kulipa minervali na kupata kazi. Kwa hiyo mzazi aliye Goma, Bunia au Nyarugusu, ambaye mtoto au mpwa wake amemwambia kwa simu kwamba amealikwa kujiunga, hana lazima ya kukataa papo hapo. Ana haki ya kuuliza.

Je, jina la tawi hilo limo katika orodha ya waliopatikana na makosa, ambayo chuo kinapaswa kuitangaza? Je, chuo kinalitambua, au linafanya kazi kivyake? Yuko mtu mzima anayelisimamia, na anaitwa nani? Na swali la mwisho ni la kijana mwenyewe: wakimwambia asimsimulie mtu yeyote yanayofanyika humo, hata mama yake, atafanya nini?

Inafaa pia ajue namba 911, na ajue kwamba kumpigia simu mwenzake aliyelala bila kuamka si usaliti. Katika nyumba ile ya Pennsylvania, kanuni zilikuwepo, kamera zilikuwepo, na vijana wengi walipita karibu na kochi. Simu moja, mapema usiku ule, ingeweza kumrudisha Timothy Piazza kwa wazazi wake.