Dhahabu ya Uajemi na Shaba ya Katanga

Uajemi, baada ya kushindwa Ugiriki mwaka 480 na 479 K.K., uliyapata kwa fedha mengi uliyoyakosa kwa upanga. Mwaka 407 K.K. mwanamfalme Cyrus alimpa Lysander wa Sparta fedha za kulipia mabaharia. Mwaka 404 K.K. Athens ikasalimu amri. Sparta ilipozidi nguvu, Waajemi wakapeleka fedha Thebes, Corinth na Argos ili ipigwe vita. Uajemi haukuuzua uhasama wa Wagiriki. Uliukuta, kisha ukauongezea uzani upande ulioufaa. Makala haya yanaitazama Katanga kwa kipimo hicho.

Katika Katanga pia ushindani ulitangulia. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imeleta wafanyakazi wengi kutoka Kasai. Uchaguzi wa Desemba 1957 mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ulipowapa uongozi wa mitaa watu wenye asili ya nje ya jimbo, manung'uniko yaligeuka siasa, na Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat. Balubakat ya Jason Sendwe ilijiunga nayo Februari 1959, ikajitoa Novemba, baada ya Conakat kuwapokea walowezi wa Union Katangaise. Waliokalia mkeka mmoja wakawa mahasimu.

Katika uchaguzi wa Mei 1960 Conakat ilipata viti 25 kati ya 60, na muungano wa Balubakat 23. Sheria ya Msingi ilidai theluthi mbili ya wajumbe wahudhurie ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe, Balubakat wakasusa. Katikati ya Juni, Bunge la Ubelgiji liliirekebisha sheria, na nusu ya wajumbe na ziada ikatosha. Hapo mizani ililala upande mmoja. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kujitenga. Maofisa wa Kibelgiji walimjengea jeshi, na kodi za Union Minière zikaijaza hazina yake. Kaskazini palizuka vita, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini Élisabethville.

Utengano ulikwisha Januari 1963. Lenye mafunzo zaidi ni lililofuata. Julai 1964 Tshombe akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, na Ubelgiji na Marekani wakamsaidia kuyazima maasi ya Simba. Aliyesaidiwa kuigawa nchi alisaidiwa kuiunganisha, kama vile fedha ya Uajemi ilivyohama kutoka Sparta kwenda kwa adui zake.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Mfalme wa Uajemi alikuwa jirani, ilhali kampuni ilikaa ndani ya nyumba, ikiajiri na kulisha. Wala wenyeji hawakuwa vibaraka tu: Sparta iliitafuta fedha, na Conakat ilikuwa na madai yake. Bali gharama iliwabakia wao. Mwaka 386 K.K. Amani ya Mfalme iliikabidhi Uajemi miji ya Kigiriki ya Asia. Katanga, kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, lakini uhasama ulidumu, na mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai wakafukuzwa kwa wingi. Mfadhili aliondoka, ugomvi alioulisha ukabaki na wenyewe.